Nyasi Zenye Fundo la Mjomba

Tarehe 4 Februari

Kwa Mjomba wangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili mpelekee Mkazamjomba, lakini mwambie aipokee akiwa amekaa, asiusimamie ule mguu.

Sisi hatujambo. Baba Chiriku yuko kule kwenye mitambo ya umeme, hurudi mwisho wa mwezi na begi la nguo chafu. Mimi bado nasaga vioo vya miwani pale karakanani. Juzi mteja alivaa miwani yake mpya, akamtazama mkewe, akasema, "Kumbe!" Mpaka leo tunabishana kama ilikuwa kumbe ya heri au ya shari. Chiriku ametimiza miaka tisa na jina bado linamfaa: anaamka anasema, analala anasema.

Ningekupigia simu, ila tangu mashine ya kufunga marobota ya nyasi ilipoondoka na masikio yako najua simu kwako ni kelele tu. Basi tuandikiane.

Mjomba, nina wageni. Jirani wa ghorofa ya chini alihama, na siku hiyo nilirudi kazini nikakuta sanduku juu ya meza yangu linapiga miluzi. Nilishtuka nusura niutupe mkoba. Ndani kulikuwa na simbilisi wawili, wanene, hawana mkia, wamenitolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyeingia kwao bila hodi. Mmoja ana mabaka meusi kuzunguka macho kama aliyevaa miwani, Chiriku kamwita Karani. Mwingine ni wa kahawia, miguu yote minne myeupe, huyo ni Soksi. Nilisema siku tatu tu. Huu ni mwezi wa pili.

Sasa chakula. Mtaani kwetu, chini ya kinyozi, kuna duka la vyakula vya mifugo. Nilisema nataka nyasi kavu. Muuzaji akaniuliza, "Za aina gani, mama?" Akanionyesha za kijani zenye vijani vidogo, za manjano zinazong'aa, nyingine ndefu ndefu, na mfuko wa kitu kama vumbi. Mimi, niliyelelewa na wewe tangu nina miaka kumi na moja mama alipotutoka, niliyefanyia hesabu za shule juu ya marobota yako, sikujua nyasi zina aina! Kwa aibu nikachukua zile za manjano kwa kuwa zilipendeza. Wamezilalia. Hawajatia hata unyasi mmoja mdomoni.

Nisaidie kabla Chiriku hajaanza kuwapa wali wangu.

Mpwa wako


Tarehe 21 Februari

Kwa mtoto wa dada yangu,

Marahaba, marahaba, na ya tatu naiweka akiba ya Chiriku ambaye hajanisalimu. Mkazamjomba anakusalimu akiwa amesimama, maana hasikii la mtu. Mguu unavimba jioni, asubuhi unanywea. Mimi mzima. Kazi ni ile ile, ghala ni lile lile. Imebaki miaka miwili nistaafu, na Tajiri amenipa neno lake kwamba nyumba hii ya kazini tutaendelea kuikaa.

Barua yako nimeisoma nikicheka hadi Mkazamjomba akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Zile za manjano ni mabua ya ngano. Hilo ni godoro. Umewatandikia wageni kitanda ukadhani umewapakulia chakula. Wao wana akili, wamelala.

Zile zenye vijani vidogo ni lusini. Ni tamu, wataikimbilia kama mtoto na sukari. Usiwape. Lusini ni ya mwenye mimba na ya vitoto vinavyokua. Mkubwa akiila kila siku mkojo unamjaa chokaa, mwishowe anafanya mawe kibofuni na kulia kila akienda haja. Na hilo vumbi la kwenye mfuko ni masalia ya sakafu ya ghala. Najua kwa sababu mwenye kufagia ni mimi.

Wape zile ndefu. Meno ya simbilisi hayakomi kuota, asipotafuna kutwa nzima yatamfunga kinywa afe na njaa chakula kikiwa mbele yake. Nyasi ndefu, zilizokatwa zikiwa karibu kuchanua, zina shina la kusagia meno na jani la kumfurahisha. Ziwepo mbele yao muda wote, rundo kubwa kuliko wao.

Na hizo ndefu nazo usizichukue tu. Rangi iwe ya kijani kilichopauka, kama shati la kijani lililofuliwa sana. Vunja shina, likatike, lisipinde. Kisha tia mkono katikati ya robota mpaka kiwikoni, maana nje hupambwa na ukweli uko kati. Ukikuta joto au unyevu, toa mkono, ondoka, wala usiage. Kazi ya mwisho mpe Chiriku. Mwambie Babu amesema atie pua yake humo ndani kabisa avute. Nyasi njema hunukia kama majani ya chai kabla hayajaguswa na maji. Zikinuka kama kabati la nguo za marehemu, huo ni ukungu.

Lakini mbona nakuhangaisha? Sisi hapa tunapeleka maduka ya huko kwenu marobota madogo, ya kukumbatia. Nayashindilia mwenyewe katika sanduku la mbao, nayafunga kwa mkono, kamba ya katani, kwa fundo langu lile la mizunguko mitatu na sikio moja. Unalikumbuka? Lile ulilokuwa ukishindwa kulifungua unakimbilia kisu. Ukiliona hilo fundo, fumba macho ununue.

Mjomba wako


Tarehe 19 Machi

Kwa Mjomba,

Shikamoo nyinginyingi, na hii ya Chiriku nimeiweka hapa aliyoiandika mwenyewe: SHIKAMOO BABU NIMENUSA.

Tumelipata fundo! Chiriku aliliona kabla yangu, akapiga kelele dukani, "La Babu! La Babu hilo!" Muuzaji akaruka kutoka kwenye kiti akidhani kuna mwizi. Nimetia mkono mpaka kiwikoni kama ulivyosema, na watu wakanitazama kama mganga. Tulipolifungua nyumbani (kwa kisu, usinicheke) chumba kizima kilinukia chai. Soksi alizama humo akatoweka, tukabaki kuona nyasi zinatikisika. Karani huvuta unyasi mmoja mrefu na kurudi nao kinyumenyume hadi pembeni, kisha anautafuna kuanzia mwisho kama anayesoma risiti.

Sanduku lao liko kando ya kitanda cha Chiriku, kakataa likae penginepo. Kila asubuhi kazi yake ni kukung'uta fungu la nyasi, kutia pua, na kutoa hukumu.

Mjomba, redio imesema huko kwenu mvua ilipiga mpaka mabati yakang'oka. Hujasema neno. Ghala liko salama? Nyumba je?

Jana tumenunua robota la pili. Chiriku anasema halinukii kama la kwanza. Nimemwambia fundo ni lile lile, aache maneno mengi.

Mpwa wako


Tarehe 20 Aprili

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie Chiriku shikamoo yake nimeipokea kwa mikono miwili. Sisi tu wazima. Mguu wa Mkazamjomba ni vilevile. Kuku amelalia mayai tisa akaangua manne. Jirani yetu fundi baiskeli ameoza binti yake. Dirisha la jikoni nimelitia kioo kipya.

Mvua ilikuwa mvua tu. Redio hupenda kukuza mambo.

Kuhusu hao wanyama, nimefikiri, si lazima muwape nyasi kavu kwa wingi namna hiyo. Kuna majani mabichi yanayoota kando ya nyumba, mnaweza kuyachuma, yakioshwa ni mazuri. Na sanduku nadhani lingekaa barazani. Mtoto halali na mifugo.

Kazi ni nyingi siku hizi. Nisamehe kwa ufupi.

Mjomba wako


Tarehe 6 Mei

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Nisalimie nyumba nzima. Baba Chiriku alikuja, amerudi kazini.

Soksi amekufa.

Nilitaka kukuandikia salamu kwanza, kama ulivyonifundisha, lakini kalamu inakataa. Alianza kwa kupiga chafya. Kisha akaacha kula, akajikunja pembeni manyoya yamemsimama, anapumua kwa mlio kama mlango usiotiwa mafuta. Nilimfunga kwenye taulo nikampeleka kwa daktari wa wanyama, na Chiriku alikuwa amempakata tulipokuwa kwenye benchi. Jina letu likaitwa, Chiriku akainuka, kisha akaniangalia. "Mama, mbona amekuwa mzito?" Mjomba, alikuwa ameshakwisha. Pale pale kwenye benchi, kati ya watu na mbwa wao.

Daktari alituomba ruhusa ampasue aone. Akasema mapafu yalijaa, akauliza, "Mnamlisha nini?" Nikamjibu kwa majivuno kabisa kwamba nyasi zetu zinatoka kwa mjomba wangu, ghala la kuaminika, zimefungwa kwa mkono wake. Akasema basi labda ni baridi.

Chiriku naye ana kikohozi tangu wiki iliyopita. Nadhani ni cha kulia.

Kitu kimoja sijakielewa. Barua yako ya kwanza ilisema rundo kubwa muda wote. Ya pili inasema tupunguze. Lipi ndilo? Karani amebaki peke yake, nataka nifanye sawa. Nijibu upesi.

Mpwa wako


Tarehe 2 Juni

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu. Natumaini si mguu wa Mkazamjomba.

Nakuandikia kutoka hospitali. Chiriku amelazwa siku ya tano. Kile kikohozi hakikuwa cha kulia. Jumatano alfajiri midomo yake ilikuwa na rangi ya wino, na mtoto ambaye hajawahi kunyamaza dakika mbili alikuwa ananishika mkono bila kusema kitu, anavuta hewa na mabega. Sikuwahi kujua ukimya unaweza kutisha hivyo.

Sasa anapumua kwa msaada wa mashine, lakini wamesema atapona. Daktari akaniuliza chumbani kwake kuna nini. Zulia? Mto wa manyoya? Nikataja simbilisi, nikataja nyasi. Akasema, "Nenda kalete hizo nyasi."

Nilikwenda nyumbani nikalipasua robota, lile lililokuwa nusu na lile ambalo hatujalifungua. Nje ni ya kijani kilichopauka, safi. Mjomba, katikati ni nyeusi. Zimegandana kama zulia lililolowa, na nilipozitenganisha ulitoka moshi mweupe, si vumbi, moshi, nikakohoa hadi nikakaa chini sakafuni. Nilikaa pale nikiwa nimeshika kamba mkononi. Kila asubuhi kwa miezi miwili mwanangu ametia pua yake humo. Babu amesema.

Nimekaa nikafikiri, na nadhani nimeelewa. Kuna mtu anaiga fundo lako. Pengine dereva, pengine wenye maduka, wamejua fundo lile linaaminika wakajifunza kulifunga. Wanatumia jina lako kuuzia watu sumu. Tafadhali mwambie Tajiri. Nenda polisi ikibidi. Usikae kimya watu wanakuchafulia mikono.

Nijibu, Mjomba. Hata mstari mmoja.

Mpwa wako


Tarehe 15 Juni

Kwa mtoto wa dada yangu,

Sitasalimia. Sistahili kuitikiwa.

Hakuna aliyeiga fundo langu. Ni mikono hii.

Mvua ilianza saa tisa mchana, siku ya nne ya mwezi Machi. Mabati ya upande wa mashariki yalikwenda yote. Tulivuta maturubai hadi kucha zikatoka damu, lakini marobota makubwa mia tatu yalilowa. Kesho yake yalikuwa na joto ndani, ukitia mkono unautoa. Nikamwambia Tajiri hizi ni za kutupa, au za kuoza shambani ziwe mbolea.

Akasema, "Yaanikeni. Yakikauka mchanganye na mazuri. Haya ndani, yale nje, na uyafunge madogo madogo."

Nikasema, "Ukungu haukauki, Tajiri. Unalala tu."

Ilibidi akaribie sikio langu ili nisikie, kwa hiyo alilisema taratibu. "Mzee, hiki ni chakula cha panya wa mapambo. Atakufa nani?" Kisha akaongeza, "Na ile nyumba unayolala ni ya nani?"

Nikafunga. Marobota madogo sitini na manne ya maduka ya huko kwenu, siku tatu. Sikufunga ovyo, hilo ndilo linalonitisha. Nilifunga vizuri kama siku zote.

Lori lilipopakiwa nilisoma karatasi ya dereva. Maduka manane. La sita lilikuwa chini ya kinyozi, mtaa wenu. Nilikwenda nyumbani nikakaa mezani na kalamu nikuonye. Nikaandika kuhusu kuku. Nikaandika kuhusu dirisha. Nikakwambia uchume majani mabichi na utoe sanduku chumbani, nikitaka uelewe bila mimi kusema. Nilijiambia nimekuonya. Mtu akitaka kujidanganya hahitaji msaidizi.

Barua yako ya Soksi ilipofika niliikunja nikaitia mfukoni, nikaenda kazini. Nilijiambia ni baridi, daktari amesema baridi. Ya hospitali aliipokea Mkazamjomba. Alizisoma zote mbili, ile ya mfukoni pia. Chakula cha mchana aliziweka mbele yangu badala ya sahani. Miaka thelathini na minane tumeoana sijawahi kumwona na uso ule. Akasema, "Andika, au nitaandika mimi."

Nimeandika. Niambie tu mtoto anapumua. Hata kama hutaki kuniandikia neno jingine, andika hilo moja.

Mimi


Tarehe 28 Agosti

Kwa mpwa wangu,

Hukuniandikia, na ni haki yako. Mkazamjomba amepata habari kwa mama mmoja anayefanya usafi hospitali ya huko kwamba Chiriku alitoka. Tumelia wote wawili, kila mtu pembe yake.

Sina la kuongeza. Anwani yetu imebadilika kidogo, iko nyuma ya bahasha, iwapo utaihitaji. Mguu haujambo.

Mimi


Tarehe 30 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Nimeiandika, nimeifuta, nimeirudisha. Iache hapo.

Chiriku anapumua. Ana kopo la dawa ya kuvuta, asubuhi na jioni, na daktari anatumaini ataliacha akikua. Amerudi shuleni na mwalimu wake ameshaanza kulalamika kwamba anasema sana. Nilipousikia ujumbe huo nilikaa kwenye ngazi za shule nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Karani yuko barazani. Nyasi zake nazichagua mwenyewe, nakata kamba pale pale dukani na kufungua hadi kati, muuzaji atake asitake.

Barua yako ya Juni niliisoma nikiwa nimesimama karakanani, mashine ya kusaga inazunguka. Kioo cha mtu kiliungua mikononi mwangu nisijue. Mwenzangu alinizimia mashine, akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia, "Sijui bado." Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikiosha vyombo nasimama ghafla, sahani mkononi, naona midomo ya mwanangu, kisha naona mikono yako, na akili yangu inakataa kuviweka mahali pamoja. Wewe ndiye uliyenitembeza kilomita tano kurudisha kalamu niliyookota darasani. Mimi na wewe, jua la saa saba, kwa ajili ya kalamu.

Na kuna langu pia, ambalo sijamwambia hata Baba Chiriku. Mwanangu alinusa akajua. Aliniambia siku ile ile: halinukii. Nikamwambia anyamaze. Wewe ulifunga, Mjomba, lakini pua iliyosema kweli niliiziba mimi.

Sasa nakuja kwenye ambalo hukuliandika.

Jumamosi ya tatu ya Julai nilitoka kazini mapema. Nilipokata kona ya mtaa wetu niliona watu wamejaa mbele ya duka lililo chini ya kinyozi. Nikadhani ajali. Nikapenya. Marobota yalikuwa yamevutwa hadi barabarani, na katikati yao kulikuwa na mzee amepiga magoti, ana kisu, anakata kamba moja baada ya nyingine. Nilimwona mgongo kwanza. Sikutaka uwe mgongo wako.

Muuzaji alikuwa anapiga kelele, "Mzee, umerukwa na akili? Mali ya nani hiyo unaikata?"

Hukusikia. Ulitia mkono hadi kiwikoni, ukatoa lile zulia jeusi, ukalinyanyua juu watu walione. Ukasema kwa ile sauti yako kubwa ya mtu asiyesikia, "Hizi ni mbovu. Nimezifunga mimi mwenyewe, nikijua. Mwenye mnyama nyumbani asimpe. Mwenye mtoto asiache mtoto azisogelee."

Mtu mmoja akacheka akasema, "Kwani si za panya?" Watu wawili watatu wakacheka naye. Yule mama anayeuza ndoo akakuvuta shati, akakusogelea sikioni. "Wewe mzee unayesema hivyo, kuna aliyedhurika?"

Ukasema, "Yuko."

Muuzaji akakusukuma. Ulianguka ubavu, kofia ikaenda kando ya mtaro. Mjomba, nilikuwa hatua kumi kutoka kwako. Nilikuwa nimeganda kama aliyekanyaga waya wa umeme. Mama wa ndoo ndiye aliyekuokotea kofia. Ukainuka, muuzaji asithubutu tena kukugusa mbele ya watu, ukayapakia marobota yote kwenye mkokoteni uliokuja nao, hata nyasi zilizomwagika ukazizoa kwa mikono.

Kisha ulivuka barabara ukasimama chini ya jengo letu. Hukuwahi kufika kwetu, unaijua anwani kwa kuiandika tu kwenye bahasha. Nikaona unahesabu madirisha. Kwenye la kwetu palikuwa na soksi za Chiriku zimeanikwa. Ulizitazama muda mrefu. Ulivua kofia, ukaivaa tena, ukashika mikono ya mkokoteni, ukaenda zako.

Na mimi nikakuacha uende.

Ulipokata kona nilimfuata yule muuzaji. Alikuwa bado anatukana. Akasema lake lilikuwa duka la sita, mawili ya mwanzo walikuitia askari. Akasema Tajiri wenu amewaambia wenye maduka wote kwamba umefukuzwa kwa wizi, wasikusikilize. Nikamwuliza, "Na wewe umemsikiliza?" Akanitazama, akainama, akaokota kipande kimoja cha zile nyeusi kilichobaki sakafuni. Alikinusa. Akakaa kwenye kiti chake. Wiki iliyofuata aliacha kuchukua mzigo kwenu, na niliona amebandika karatasi mlangoni kuwataka wote walionunua marobota tangu Machi wayarudishe. Amerudishiwa kumi na moja. Mengine sijui yako kwa nani.

Basi nilipoiona ile "anwani imebadilika kidogo" nilijua. Hicho ni chumba cha kupanga, nyuma ya soko. Umepoteza nyumba, umepoteza kazi ikiwa imebaki chini ya miaka miwili ustaafu, Mkazamjomba na mguu wake yuko chumba kimoja, na wewe unaniandikia kwamba mguu haujambo. Hata sasa hujui kusema kitu kikakamilika.

Jana jioni Chiriku aliniuliza. Nilijua lazima iko siku ataniuliza. Alikuwa anamsugua Karani mgongo, hakunitazama.

"Mama, Babu alijua?"

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, nimeuandaa kwa miezi. Nikasema, "Ndiyo. Alijua."

Alinyamaza, Mjomba. Alinyamaza hadi tukala, hadi akaoga, hadi nikaogopa ni kifua, nikaenda kumsikiliza pumzi. Ndipo nikamwambia na lile lingine: mkokoteni, kisu, kofia, na jinsi ulivyosimama chini ya dirisha ukizitazama soksi zake.

Akakaa kitandani wima. Nilidhani atalia. Akasema, "Alifika hapa chini? Sasa kwa nini hakupanda?"

Nikasema sijui. Akasema, "Na wewe kwa nini hukumwita?"

Nilizima taa nikatoka.

Sijakusamehe, nisikudanganye. Nikikumbuka ile Jumatano bado naamka usiku kumsikiliza pumzi. Lakini kuna swali moja nimelishindwa na moja ni lako, na mtoto huyu hataacha kuuliza, unamjua. Jumamosi natoka kazini saa saba. Ghorofa ya pili, mlango wa kushoto. Njoo umjibu lako, na mimi nikiwapo nitamjibu langu.

Mpwa wako